Kamba ya Manjano

Kiwandani kwetu Ingleburn, pembeni mwa Sydney, kulikuwa na kamba ya manjano iliyopita juu ya vichwa vyetu, kutoka meza ya kwanza mpaka ya mwisho, na kwa mwaka mzima hakuna Mwafrika aliyeigusa. Utaratibu ulikuwa hivi: ukiona kasoro yoyote, hata ndogo, unavuta. Ukivuta, taa inawaka, laini nzima inasimama, na kipaza sauti kinapiga kiwimbo cha watoto. Sasa niambie, mtu mzima mwenye akili zake, aliyehangaika kutafuta kazi kwa miezi, anyanyue mkono awasimamishe wenzake ishirini, kisha apigiwe wimbo wa watoto? Siku ya kwanza tu nilijiapiza kwamba mimi hiyo kamba sitaivuta.

Tulikuwa tunatengeneza breki za magurudumu ya vitanda vya hospitali. Korona ilipoingia, vitanda vikatakiwa kuliko mkate, na sisi tukaitwa watu muhimu. Mimi nilicheka. Wiki chache kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba Ingleburn kuna watu, seuze watu muhimu.

Kampuni ilikuwa imenunuliwa na Wajapani muda mfupi kabla ya maradhi, na kamba ilikuja nao. Ilikuja pia na mtaalamu mmoja, mstaafu aliyepita miaka sabini, mfupi, mwenye kofia ya kijivu iliyopigwa pasi. Alitumwa miezi mitatu atufundishe kazi kwa namna yao. Kisha mipaka ikafungwa, ndege zikaadimika, bosi akamwomba abaki, akabaki. Tulimwita Mzee. Alipouliza maana yake akaambiwa, alifurahi, na toka siku hiyo ukisema “Mzee” aligeuka haraka kuliko ukimwita kwa jina.

Mzee alikuwa na mambo yake. Asubuhi nyingine alichukua chaki, akachora duara sakafuni, akaingia ndani yake na kusimama. Hasemi, haandiki, anatazama tu mpaka saa ya chai. Sisi tulisema amefungwa na mganga wa kwao, asitoke mpaka atoe mbuzi. Na kila Ijumaa alitugawia karatasi ndogo tuandike tatizo moja tuliloliona wiki ile na namna tunavyodhani litatatuliwa. Sisi Waafrika, Wakongomani, Wakenya, Waburundi na mimi Mtanzania, bila kikao wala makubaliano, tuliandika neno moja kila mmoja: hakuna.

Hatukuwa tunamdharau. Kwetu kuandika tatizo ni kuandika mtu. Ukisema pini zimewekwa vibaya, umemtaja anayeweka pini. Ukisema sakafu ina mafuta, umemtaja mfagiaji. Nani alilelewa hivyo? Sisi tulilelewa kusitiriana. Mzee alikusanya zile hakuna zake, akazipanga vizuri, akazitazama moja moja kwa uso wa mtu aliyepewa habari mbaya.

Aliyekuwa anaweka pini ni rafiki yangu. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, amenizidi miaka kumi hivi, mwenye sauti ya kwaya na mwendo wa taratibu. Sote wawili tulikaa mtaa wa Toongabbie. Alfajiri tulipanda treni pamoja, tukabadilisha Glenfield, tukashuka Ingleburn, na jioni tukarudi hivyo hivyo, barakoa usoni, kiti kimoja katikati yetu kama serikali ilivyoagiza. Mimi Mwislamu, yeye Mlokole. Alinisomea Zaburi kwa kichwa, mimi nilimlalamikia kila kitu kilichokuwa hai. Alisema Mungu alinipa ulimi wa watu wawili kwa kuwa alikuwa amechoka siku ile.

Kazi yake ilikuwa kutia springi na pini kwenye breki, kisha kuisukuma pini kwa mashine ndogo ya kukanyagia kwa mguu. Mimi nilikuwa meza inayofuata, nafunika kifuniko na kujaribu breki. Pini ikikosekana, breki inashika leo na kuachia kesho, na kesho hiyo kuna mgonjwa kitandani.

Karibu na Pasaka ya mwaka wa pili wa korona nikaanza kuona breki zinafika kwangu hazina pini. Moja asubuhi, mbili mchana. Nilidhani amechoka. Nikamrudishia ya kwanza kwa mzaha, akaipokea akaipapasa, na pale ndipo nilipoona kwamba hakuitazama kabisa. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinatafuta tundu.

Nikakumbuka mambo ambayo nilikuwa nayaona bila kuyaona. Kwamba alinipa simu yake nimsomee ujumbe wa kanisa, nami nikadhani ni Kiingereza kinamshinda. Kwamba kwenye ngazi za Glenfield alinishika mkono, nami nikadhani ni mapenzi. Siku ile tukiwa kwenye treni ya kurudi nikamuuliza waziwazi. Aligeukia dirisha tukapita stesheni mbili. Kisha akaniambia kwamba jicho la kushoto limejaa moshi, na la kulia linaona mbele tu, pembeni giza.

Nikamwambia aende kwa daktari. Akasema daktari ataandika karatasi, na karatasi itafika kwa patron, bosi wetu.

“Dada, usiseme mutu,” akaniambia. “Miye nilikaa camp ya wakimbizi miaka kumi na ine. Hapa ni mara ya kwanza jina yangu iko ku mulango ya kabati. Bakijua macho iko hivi, banafukuza miye.”

Nikaapa. Na kwa kuwa mimi nikiapa naapa kweli, nikajipangia kazi mpya. Niliweka kibakuli cha pini chini ya meza yangu. Breki ikija bila pini, naitia haraka, naisukuma kwa koleo, nafunika, najaribu, napitisha. Nilikuwa mwepesi, na nilijivunia wepesi wangu. Ijumaa nikaandika hakuna. Nilijiona mtu mwema kweli, na sitaki kudanganya hapa: nililala usingizi mzuri.

Ilikwenda hivyo Aprili, Mei, Juni. Kisha Sydney ikafungwa tena, na sisi wa magharibi mwa mji tukafungwa zaidi, askari barabarani, kutoka mtaani mpaka kibali cha kazi. Treni ikawa na watu watano, na kiwanda kikaongezewa oda. Pini zilizokosekana zikawa nyingi. Mgongo ukaanza kuniuma kwa kuinamia kile kibakuli.

Asubuhi moja mwezi wa Agosti Mzee akachora duara lake nyuma yangu. Akasimama tangu tulipoanza. Nilihisi macho yake shingoni. Nilijaribu kutotumia kibakuli, nikashindwa, breki tatu mfululizo zilikuja tupu. Nikainama mara tatu.

Wakati wa chakula tulikuwa tunakaa mmoja mmoja, viti vimebandikwa alama tusisogeleane. Alikuja akakaa kiti cha karibu zaidi kilichoruhusiwa, akafungua kisanduku chake cha wali na samaki, akatoa vijiti vya kulia chakula, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kukatakata baba yangu alifanya kazi gani. Nilishangaa. Nilitegemea ataniuliza habari ya kibakuli.

Nikamwambia baba alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo Morogoro, enzi ambazo Morogoro ilikuwa na viwanda na king'ora cha asubuhi kiliamsha mji mzima. Na mashine za baba, nikamwambia, zilitoka kwenu, zilikuwa na kibati chenye maandishi yenu ubavuni, nami nikiwa mtoto nilidhani ni michoro ya ndege. Mzee akaweka vijiti vyake chini. Yeye alianza kazi kwenye kiwanda cha mashine za kufumia. Hakusema kwamba ni hizo hizo, wala sisemi mimi. Aliuliza tu, kwa wasiwasi wa fundi hasa, zilikuwa zinasumbua wapi.

Nikacheka, nikampa hadithi ambayo baba huitoa sikukuu. Mashine zile zilikuwa na akili: uzi mmoja ukikatika, zinasimama zenyewe. Lakini kila zikisimama iliandikwa, na mfumaji mwenye kusimamisha sana aliitwa ofisini. Jirani ya baba alikuwa mama mmoja mjamzito, miguu imevimba, hawezi kukimbilia nyuzi. Basi baba akawa anakifunga kile kifimbo cha kusimamishia kwa kipande cha waya. Mashine ikawa haisimami tena, uzi ukatike usikatike, na yule mama akapumzika. Nguo zilitoka na mistari mitupu mirefu. Zile mbovu waliuziwa wafanyakazi, nasi tulilalia mashuka yale, na mimi mpaka nimekuwa msichana nilidhani ile mistari ni urembo.

Nilisimulia nikicheka, kwa sababu baba husimulia akicheka. Mzee hakucheka. Aliuliza kiwanda kiko wapi sasa. Nikamwambia kilikufa, ni ghala, na kilichokiua ni mambo mengi, umeme, vipuri, wakubwa, mitumba. Nilipandisha sauti kidogo, maana sipendi mgeni amlaumu baba yangu. Akasema ndiyo, mambo mengi. Halafu akasema kwao pia walifunga waya, ila waliwafunga watu.

Akanieleza, polepole, akitafuta maneno. Alizaliwa kaskazini kwenye theluji, mtoto wa nne wa mkulima wa mpunga. Alipomaliza shule akiwa na miaka kumi na mitano, walipakiwa darasa zima kwenye treni kwenda mjini, na kwenye stesheni wenye viwanda walikuwa wanawasubiri na vibendera. Nchi yao ilikuwa imetoka majivuni na ilikuwa inakimbia. Kila mwaka kulikuwa na kitu kipya ambacho kila nyumba ilikitaka. Yeye aliweza kumpelekea mama yake friji, la kwanza kijijini, na mama akaweka ndani birika la maji tu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuweka, akawa anafungua majirani waone taa. Aliposema hivyo alitabasamu, nami nikampenda.

Lakini nguo walizoanika bwenini ziliingia masizi kabla hazijakauka, na hakuna aliyelalamika. Walikuwa wanakimbia. Alikuwa na rafiki wa kijiji kimoja, kitanda cha juu yake. Rafiki akaanza kuumwa, kizunguzungu, mikono inatetemeka. Aliogopa kurudishwa nyumbani kwa aibu, akamwomba asiseme. Basi Mzee akawa anafanya kazi yake na ya rafiki. Alikuwa mwepesi, akasema, na kwa mkono akanionyesha namna alivyokuwa anainama. Alinionyesha sawasawa nilivyokuwa nainama mimi. Msimamizi hakuona kasoro hata moja kwa majira mawili. Kisha siku moja mashine ya kukandamizia ikashuka na mkono wa rafiki ukiwa ndani.

“Nilimsaidia,” Mzee akasema, “mpaka mkono ukaenda.”

Akafunga kisanduku chake. Hakuniambia nifanye nini, wala hakwenda kwa bosi. Kama angekwenda ningemchukia, na ingekuwa rahisi kwangu. Alinyanyuka akaniinamia kidogo, akaenda kuosha vijiti vyake.

Jioni ile kwenye treni nilimwambia rafiki yangu kwamba Mzee anajua. Nilimsihi aseme mwenyewe. Alikataa, akalia chini ya barakoa, akanikumbusha kiapo. Nikaacha kumsihi. Niliogopa, niseme ukweli. Nami pia nilikuwa na jina kwenye mlango wa kabati, na kibakuli chini ya meza.

Kesho yake, kabla ya chai, nilinyanyua macho nikamwona ametia springi, sasa anatafuta tundu la pini. Kidole cha shahada kilikuwa kimeingia chini ya chuma cha mashine, kinapapasa. Mguu wake ulikuwa juu ya kikanyagio. Uso ulikuwa umetazama mbele, umetulia, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Nilivuta kamba.

Taa ikawaka, mkanda ukasimama, na kile kiwimbo cha watoto kikaanza. Wote ishirini waligeuka. Msimamizi wetu, Mkenya wa Nakuru, alikuja mbio akiniuliza, “Mathee, ni nini tena? Tuko na order ya hospitali hapa.” Nilinyoosha kidole tu kwenye ile mashine, mimi mwenye ulimi wa watu wawili. Mzee alifika nyuma yake. Kwanza akanishukuru, kwa kuinama, kofia mkononi, kama utaratibu wao unavyotaka kwa kila anayevuta. Kisha akauliza tatizo ni nini. Hakuuliza ni nani.

Nikasema, “Haoni. Tangu Pasaka haoni, na mimi nimekuwa naficha.” Nikatoa kibakuli, nikakiweka mezani mbele ya watu wote.

Rafiki yangu alikuwa bado ameshika springi. Aliiweka chini polepole, akavua glavu, moja, nyingine, akazikunja pamoja kama soksi. Hakunitazama. Wimbo uliendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Siku hiyo kila breki iliyokuwa ghalani ilifunguliwa na kujaribiwa upya, na sisi sote tulibaki mpaka jioni. Ilipatikana moja isiyo na pini, moja tu, iliyonipita mimi na wepesi wangu. Niliishika mkononi muda mrefu. Nilipewa onyo la maandishi, na nililistahili. Mzee alimchukua rafiki yangu mwenyewe, yeye na msimamizi, wakampeleka kwa mtu wa macho pale pale Ingleburn, na kutoka hapo hospitali siku ile ile. Ni maji ya jicho yaliyopanda shinikizo na kuua mshipa kidogo kidogo, bila maumivu. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lingebaki kama lilivyo, kwa dawa ya matone kila siku ya maisha yake. Hayo aliniambia msimamizi.

Rafiki yangu alirudi kazini baada ya wiki tatu, na hakufukuzwa. Mzee alikuwa amemtengenezea meza nyingine, ya kupanga springi kwa ukubwa, kazi ambayo vidole vyake viliijua kuliko macho ya mtu yeyote. Jina lake lilikuwa bado kwenye kabati. Lakini kwenye treni alipanda behewa la mbele, mimi la nyuma. Glenfield alishuka ngazi ameshika chuma, polepole, na mimi nilimfuata hatua kumi nyuma, tayari kumdaka, bila kuthubutu kusogea. Nilijua kosa langu. Nilivunja kiapo, nikamwaibisha mbele ya watu, jioni za kufungiwa nikakaa sebuleni Toongabbie nikijitetea kwa kuta. Niliandaa maneno: kwamba afadhali jicho moja na vidole kumi, kwamba nilivuta kwa kumpenda. Ijumaa niliandika tatizo kwenye karatasi ya Mzee, la kwanza katika maisha yangu. Niliandika kwamba mwanga kwenye meza za mwisho hautoshi. Wiki iliyofuata tulikuta taa mpya.

Zilipopungua amri, mwezi wa Oktoba, alama zikabanduliwa kwenye viti vya chumba cha chakula. Siku ya kwanza ya kukaa popote, nilikuwa nimekaa pembeni peke yangu. Rafiki yangu akaja. Aligusa ukingo wa meza, akagusa kiti, akakaa, mbele yangu kabisa. Alifungua chombo chake: bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu chao, harufu ile ambayo nilikuwa sijaisikia kwa karibu tangu baridi ianze. Nikaanza kusema yale niliyoyaandaa, kwamba anisamehe kwa kuvuta ile kamba. Akaninyamazisha kwa kiganja.

“Miye sikukukasirikia juu ulivuta,” akasema. “Nilikukasirikia juu ulikawia. Ungevuta ku Pasaka, ningekuwa na macho mbili.”

Alimega tonge la bugali, akaniwekea upande wangu wa kifuniko, akalipapasa kwanza ahakikishe limekaa vizuri. Tukala.